Aliyemlilia Mumewe Akiwa Hai

Restituta alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, aliogopa kuvuka barabara. Tangu lile tetemeko la mwaka 2016 lililoporomosha nyumba za Bukoba, alikuwa hapigi komeo mlango wa chumba chao cha kupanga pale Kashai, ili awe tayari kutoka mbio. Mumewe Kahigi, dereva wa bodaboda na mtu wa utani asubuhi hadi jioni, alikuwa akiwaambia watu kwamba kwake hahitaji mbwa, maana panya akipita tu mkewe ameshafika barabarani.

Lakini Mungu naye ana mambo yake. Mwoga huyu ndiye aliyempa sauti ambayo huko Nshamba, Muleba, alikozaliwa, haikuwa na ya pili yake. Kwenye kwaya ya kigango walimwomba asimame mstari wa nyuma, tena karibu na mlango.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikwenda kuchuma kahawa kwenye kibanja cha babu yake, akaona kitu cheusi kinatikisa migomba. Akapiga nduru. Sasa asiye mtu wa kule atadhani nduru ni kelele tu. Si kelele. Nduru ni mwito, na ukiusikia huulizi ni wa nani. Unaacha jembe, unaacha ndizi jikoni, unashika kilicho karibu na mkono wako na kukimbilia inakotoka, kwa sababu kesho itaulizwa nani hakuja, na asiyekuja ndiye atakayeshukiwa. Siku ile walikuja wanaume kutoka vilima vitatu, na mikuki na mapanga, wakamkuta mbuzi wa jirani amenasa kamba kwenye mbuni. Babu mtu ilimbidi awanyweshe wote rubisi, ile pombe ya ndizi, mtungi mzima, kisha akamwita mjukuu wake akamwambia kwamba nduru haichezewi, ikitoka imetoka. Binti alilia siku mbili. Baada ya hapo akakua, akaolewa na Kahigi wa papo hapo Nshamba, akamzaa Evelyne, akahamia mjini, akatimiza miaka thelathini na tisa, na nduru hakuipiga tena.

Mjini alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kibarazani kwa Mzee Jagdish, hatua chache kutoka sokoni. Mzee Jagdish aliuza vitambaa, nyuzi na zipu, kama baba yake na babu yake. Jamaa zake karibu wote walishahama, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo, yeye akabaki na duka lake na miwani yake. Kihaya chake kinawashinda watoto wa Wahaya wa siku hizi. Msibani haji kuchungulia mlangoni kama wageni. Anavua viatu, anakaa chini na watu, na suruali yake nyeupe ichafuke ikitaka. Mfiwa akimkuta pale huona msiba wake umeheshimiwa.

Ndipo akaja mwalimu Rutaihwa na igizo lake.

Huyu naye Mhaya, baba yake wa Kagondo, lakini alikulia Dar es Salaam na Kihaya chake kinaishia kwenye kuomba chakula. Kiingereza ndicho anacho, tena hakibanii. Alikuwa na wasanii arobaini na nia njema kabisa: kuwafundisha watu wasiwaue wezi mitaani. Igizo lenyewe si la jukwaani. Lingechezwa barabarani, Jumamosi, mchana, bila kutangazwa. Mwizi atampora mwanamke mkoba. Wasanii watajifanya wananchi wenye hasira, watamkimbiza mitaa mitatu na kumzingira kwenye makutano. Hapo ngoma italia, na mwalimu atapanda juu ya gari na kipaza sauti, awaulize watu wote waliojikusanya: mlitaka kumfanya nini binadamu mwenzenu? Watu wataona haya, watajirekebisha. Kwenye karatasi lilipendeza sana. Karatasi haina sikio.

Kahigi aliposikia anatafutwa wa kucheza mwizi, hakulala. Maisha yake yote alikuwa mwigizaji asiye na igizo. Akajiandikisha, na kwa kuwa mtu wa namna ile haendi kwenye ujinga peke yake, akamwandikisha na mkewe awe mwanamke wa mkoba. Mwalimu alishasimuliwa habari za ile sauti, akafurahi mno.

Wakafanya mazoezi wiki mbili kwenye ukumbi. Kila wakifika mahali pake, Restituta alikuwa akisema, "Hapa napiga nduru," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Mama," mwalimu akamwambia siku ya mwisho, "kesho kutwa iwe ya kweli. Itoke kama unaporwa kweli."

"Mwalimu, ya kweli haitolewi kwa mchezo."

"Ndiyo sanaa yenyewe hiyo."

"Wewe unaijua nduru?"

"Najua. Ni kelele za kuomba msaada."

Restituta akamtazama kwa huruma. Nyumbani alimwambia Kahigi kwamba anaogopa. Kahigi akacheka, kwamba yeye anaogopa hata kamba ya kuanikia nguo. Mwisho wakakubaliana: nduru asiipige. Aite tu "mwizi, mwizi," kwa Kiswahili, mara tatu, basi. Hayo yalitosha kwa igizo, na mwalimu akitaka kununa anune.

Kuna jambo jingine. Madereva wenzake Kahigi wa kijiwe cha sokoni wanamjua kuliko wanavyomjua baba mzazi. Ili wasimtambue na kuharibu mchezo kwa vicheko, alipakwa masizi usoni, akavishwa kofia ya sufi hadi kwenye nyusi na koti ambalo hajawahi kulivaa. Kazi hiyo ilifanywa vizuri kupita kiasi.

Jumamosi yenyewe soko lilikuwa limefurika. Restituta alipita kando ya wauza ndizi na mkoba wake begani, miguu mizito, akijiambia mara tatu tu, mwizi, mwizi, mwizi. Kahigi akatokea nyuma akaukwapua. Mkanda ukamnasa mkewe kwenye kiwiko, naye kwa msisimko wa kuigiza akavuta kwa nguvu zote, na Restituta akaenda chini, goti likapasukia lami. Akainua macho. Uso aliouona juu yake ulikuwa mweusi, macho yamemtoka, meno nje. Hakumwona mume wake pale. Mwenyewe amesema hivyo mara nyingi, na hakuna sababu ya kutomwamini. Aliona mtu anayetaka kumuua, na hofu yote aliyoibeba tangu utoto ikampanda kutoka tumboni.

Akapiga nduru.

Soko likanyamaza mara moja, kisha likaitika. Wauza ndizi waliinuka na mapanga yao ya kukatia mikungu. Wachinjaji walitoka buchani na visu, hawakuvua hata aproni. Mafundi wa matairi walikuja na vyuma vyao, madereva wa bodaboda wakawasha pikipiki, na kutoka mitaa ya chini watu ambao hawakuona lolote walikuja mbio kwa kuwa walisikia, na kusikia kulitosha. Wale wasanii arobaini walimezwa hapo hapo. Mmoja alionekana akipanda juu ya meza ya nyanya akilia.

Kahigi, akiwa katikati ya mbio zake za madaha, aligeuka awatazame wenzake wanaomkimbiza. Akauona mji mzima. Utani ukamwisha. Akaanza kukimbia kweli, na mtu anayekimbia kweli, nani atamwambia mtu mwingine kwamba si mwizi? Mwalimu kwa kuona mambo yameharibika akaamuru ngoma ipigwe mapema. Ngoma ikalia, na watu wakadhani ni mwito wa kuongeza nguvu, wakazidi kuja. Kipaza sauti kilisema, "Ndugu wananchi, hili ni igizo," kikarudia, kikarudia tena. Nani asikie.

Restituta alikuwa nyuma yao akichechemea, kiatu kimoja kimepotea, simu imepotea, akiwashika watu mashati. "Ni mume wangu," aliwaambia. "Jamani, huyo ni mume wangu."

"Anakuibia mume wako mwenyewe?" jamaa mmoja akamjibu huku anakimbia. "Basi leo atakoma. Kaa pembeni, mama."

Walimkamata mbele ya duka la Mzee Jagdish. Wa kwanza kumpiga alikuwa dereva mwenzake wa kijiweni, ambaye juzi yake tu walikula sahani moja ya ndizi. Wa pili na wa tatu hawajulikani, kwa kuwa baada ya hapo ilikuwa ni mikono tu. Restituta alipita kati ya miguu ya watu kwa kutambaa. Alimkuta mumewe amejikunja, damu inatoka sikioni, na juu yake mtu ameinua jiwe la kujengea. Tairi la gari lilikuwa linakuja likiviringishwa. Akajitupa juu yake.

"Mtoeni huyo mama," mtu akasema kwa upole kabisa. Upole huo ndio uliomtisha kuliko jiwe. Walikuwa wanamsaidia. Kila mmoja pale alikuwa amekuja kwa ajili yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita, na sasa mikono ya watu wema ilikuwa inamshika kiuno na mabega impeleke kando ili wamalizie kazi yake.

Akatafuta neno. Yote alishayasema, hayakusikika. Ndipo akafungua mdomo akamlilia.

Hakulia kwa maumivu. Alilia kilio cha msiba, kile cha nyumbani kwao, mikono kichwani, cha kuita mawe, yaani mama kwa Kihaya, na kutaja ukoo. "Mawe, mawe. Kahigi wangu. Kahigi mwana wa Verdiana, umeniacha na nani? Evelyne yuko shule ya bweni, nitamwambia nini? Nani atakwenda Nshamba kumwambia mama yako? Mawe, Kahigi, nani atakufunga macho?" Na kwa sauti ile, mji ulisikia.

Nduru inasema njoo. Kilio cha msiba kinasema kaa chini. Aliyelelewa Kagera hafundishwi hilo, mwili wenyewe unajua. Mwenye jiwe alibaki nalo hewani, hajui alipeleke wapi. Mikono iliyomshika Restituta ikalegea. Lakini hakuna aliyekaa, bado walikuwa wanatazamana, na mtu mmoja tu angesema neno baya wangerudi kazini.

Mzee Jagdish alivua kandambili zake mlangoni. Akashuka ngazi ya kibaraza, polepole kwa ajili ya magoti yake, akapita mbele ya lile tairi, akakaa chini barabarani na suruali yake nyeupe, mikono shavuni. Mama mmoja muuza ndizi akaweka panga chini, akakaa. Mchinjaji akakaa. Yule dereva wa kijiweni alilisikia jina, akainama akaivuta ile kofia ya sufi, akatazama, akakaa palepale. Mtaa mzima ukakaa chini. Ndipo kipaza sauti kikasikika vizuri kwa mara ya kwanza: "Ni igizo tu, ndugu wananchi." Hakuna aliyecheka.

"Mama Evelyne," Kahigi akanong'ona chini yake. "Unanikaba."

Mungu wangu, alikuwa hai. Na Restituta hakuacha kulia, maana aliona wazi kwamba akinyamaza watasimama, na wakisimama hajui watakachofanya. Karibu nusu saa alimlilia mume wake anayempumulia sikioni. Alimlilia kwa sifa zake na kwa vicheko vyake, akimbana asitikisike, mpaka gari la kuwapeleka hospitali lilipofika.

Kahigi alishonwa kichwani nyuzi kumi na moja. Bega lilikuwa limevunjika, mbavu mbili vilevile, ila daktari alisema atapona. Hapo ndipo hofu ya pili ilipomwingia Restituta, na hii haikuwa na daktari. Alimlilia mtu aliye hai. Alimtajia ukoo, alimwombea wa kumfunga macho. Huko kwao mtu hafanyi hivyo hata kwa kulewa, ni kumwitia mauti kwa jina lake. Alikaa kando ya kitanda usiku kucha akimhesabia pumzi. Kahigi akikohoa, anasimama. Akinyamaza, anamtingisha.

"Sasa utaniua kwa kuninyima usingizi," Kahigi alisema.

Asubuhi, anamnywesha uji, mlango wa wodi ukafunguliwa akaingia Datius, mdogo wake Kahigi, amevaa suti nyeusi. Akamwona kaka yake na kikombe mdomoni. Alitoka mbio mpaka nje ya geti, na walinzi ndio waliomrudisha. Masikini Datius. Saa mbili nzima alikuwa mochwari akiomba mwili, na wahudumu wakimwambia hawana Kahigi, ndipo akaja wodini kumtafuta shemeji yake. Sokoni siku ile walikuwamo watu wa Nshamba. Walimsikia Restituta kwa masikio yao, wakamwona mtu amelala na damu, wakaona mji umekaa chini. Wangeuliza nini zaidi? Habari ilifika Muleba kabla damu haijakauka barabarani. Kupiga simu walipiga, lakini simu ya Restituta ilikanyagwa na ya Kahigi ilikuwa imezimwa kwa ajili ya igizo, na namba za kwao Restituta hakuwa nazo kichwani.

"Huko nyumbani kukoje?" Restituta akauliza.

Datius akatazama chini. "Maturubai yameshafungwa. Na shimo wamelimaliza jana jioni."

Daktari alimruhusu mgonjwa kwa shingo upande, kwa ajili ya mama yake. Wakarudi Nshamba na gari alilokuja nalo Datius, lililokodiwa kubeba maiti, Kahigi ameketi nyuma, bega limefungwa. Alitania njia nzima, kwamba ni marehemu wachache wanaopata kiti cha dirishani. Datius alicheka. Restituta alishika mkono wake mzima na hakusikia utani hata mmoja.

Walipofika, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walikimbilia migombani. Wazee wakafanya ishara ya msalaba. Ma Verdiana, mama mzazi, ndiye pekee aliyekuja mbele, mguu kwa mguu. Alimpapasa mwanawe masikio, pua, meno, akamvua kiatu akatazama vidole. Kisha akakaa chini akalia, akanyamaza, akainuka. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, na vicheko vikaanza, vya watu waliopona hofu. Rubisi ikamiminwa.

Ma Verdiana hakucheka. Alimvuta Restituta kando.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemlilia?"

"Ndiye mimi, mama. Walikuwa wanamuua."

"Najua. Umenirudishia mtoto, Mungu akulipe. Lakini kilio kimetoka na shimo limechimbwa, navyo vyote viwili vina jina lake. Shimo halifukiwi tupu."

Katekista aliposikia hivyo alisema mambo hayo ya kizamani hayamhusu, akaenda kula. Datius akakata mgomba mmoja, wakaupima urefu, wakaufunga kwa shuka kama mtu. Watu wote wakafuata hadi shimoni, nyuma ya nyumba, kati ya mibuni, wengine bado wanachekeana na vikombe mkononi.

"Mlilie huyu," Ma Verdiana akamwambia Restituta, akionyesha mgomba. "Kama ulivyolia mjini. Kile kilio kihame, kije hapa."

Restituta akaweka mikono kichwani. Akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Sauti aliyopewa na Mungu aliimaliza yote barabarani juu ya mgongo wa mumewe, na sasa alipoihitaji kumtoa mautini haikuwapo. Akamtazama mama mkwe, akatikisa kichwa, machozi yanamtoka bila sauti, na vicheko vya watu vikaanza kupungua.

Kahigi akasogea ukingoni kumtania. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akachungulia ndani. Walikuwa wamelipima kwa mwili wa Datius, kwa kuwa ndugu hawa wanalingana kimo, na walilichimba vizuri, kuta zimenyooka, chini pamelainishwa kwa mkono na kutandikwa majani mabichi. Alitazama mahali kichwa kingekaa. Alitazama mahali miguu ingefika. Utani ukamkwama. Yule mtu wa vicheko akapiga magoti ukingoni na bega lake lililofungwa, akafungua mdomo, akajililia. Alijiita kwa jina. Alimwita mama yake. Alilia mpaka watu wa Nshamba wakaweka vikombe chini, wakakaa, wote, hadi katekista aliyerudi na mfupa mkononi.

Restituta hakumnyamazisha. Alikaa kwenye udongo nyuma yake, akashika pindo la suruali yake kwa mikono miwili, na hakuliachia mpaka shimo lilipojaa.